Mikono ya Mbele ya Gari la Andrea

Andrea alikuwa na mkono mwepesi, wala si mwepesi wa kutoa sadaka. Pale gereji za Singida Mjini, upande wa barabara ya Dodoma, hakuna fundi ambaye hakuwahi kuonja kofi lake au walau kulikwepa. Alimpiga mteja aliyerudi kusema gari bado linagonga. Alimpiga fundi wa kupaka rangi kwa kosa la kupiga mluzi, eti mluzi unamchanganya. Mkewe Magreth alivumilia mpaka akachoka, akachukua watoto wake akarudi kwao Kiomboi, na pale stendi ya mabasi hakugeuka kumwangalia Andrea hata mara moja. Sasa mtu wa namna hiyo, jamani, nani atabaki naye?

Alibaki mmoja tu, Laurian.

Laurian alikuwa fundi wa kukereza vyuma. Kibanda chake kilipakana na gereji ya Andrea, ukuta wao bati moja lenye matundu ya misumari. Laurian Mnyamwezi wa Nzega, Andrea Mnyaturu wa Ikungi, na hao ni watani tangu enzi za mababu. Kwa mtani hakuna kununa. Akikutukana unamrudishia, mnacheka, mnaendelea na kazi. Akikunyang'anya kofia kichwani ni yake mpaka uikomboe. Ukimkasirikia mtani, aibu ni yako wewe. Na ukimwaga damu yake, hapo hata wazee huteremsha sauti wanapolizungumza.

"We kuku!" Laurian alikuwa akipayuka kila asubuhi kupitia yale matundu ya bati. "Umeshataga?"

"Umeshatua mzigo, mpagazi?" Andrea alikuwa akimjibu. "Maana babu yako hajafika Bagamoyo mpaka leo, yuko njiani na pembe za watu kichwani."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao, maana Mnyaturu hutaniwa kwa kuku wa Singida, na Mnyamwezi kwa mababu waliobeba pembe za ndovu mpaka pwani. Yule yule Andrea aliyempasua mtu mdomo kwa ajili ya mluzi, akiitwa kuku na Laurian alicheka mpaka akashika mbavu. Laurian peke yake ndiye aliyeweza kumwambia "hapa umeboronga" akarudi kwake na meno yote. Andrea mwenyewe alilijua hilo. Aliwahi kumwambia mama yake, "Mama, siku huyu Mnyamwezi akiondoka hapa, nitakuwa sina mtu wa kuongea naye tena. Nitaongea na vyuma."

Sasa hilo gari. Lilikuwa gari la michezo, la watu wawili, chini kama limelala kifudifudi, pua ndefu, rangi nyekundu ya kitunguu. Andrea alilitengeneza mwenyewe kuanzia chini: fremu ya mabomba ya mraba, injini ya gari dogo la Kijapani lililopinduka, bodi ya bati aliyoigonga kwa nyundo ya mbao mpaka ikakubali. Watu walilicheka, wakachoka, wakaanza kulipenda kimya kimya. Kilichobaki ni mfumo wa mbele, ule unaoshika matairi. Mwanzo alifunga mfumo uliong'olewa kwenye pikapu kuukuu, na gari likasimama limeinua pua kama beberu anayenyoosha shingo kwenye majani ya juu. Ukikata kona linalala, tairi linakanyaga kwa ubavu. Andrea aliung'oa mfumo huo wote kwa hasira akautupa nje, ukamkosa mama ntilie kidogo tu.

"Natengeneza yangu," alisema.

Akaanza kutengeneza mikono. Kila tairi la mbele lishikwe na mikono miwili, mmoja juu na mmoja chini, kila mkono una miguu miwili iliyokutana kwenye ncha kama herufi A. Kwenye miguu anaweka bushi, vile vipete vya kuzungukia, kwenye ncha boljointi, kile kiungo chenye kichwa cha gololi, na katikati shokapu yenye springi yake. Mkono wa juu mfupi, wa chini mrefu, ili gari likilala kwenye kona tairi lenyewe libaki limesimama na kukanyaga lami sawasawa. Hilo alilielewa vizuri. Andrea hakuwa mjinga wa kazi, tusimzulie. Alichokosa ni subira.

Maana katikati ya kazi hiyo baba yake, Mzee Elisha, alilazwa hospitali pale mjini, kifua kimembana, pumzi inakuja kwa kuvutwa. Andrea alikwenda kumwona na mikono yenye grisi. Mzee akamwambia, "Hilo gari lako linaisha lini? Mimi nataka nirudi nyumbani nalo. Nipite Ikungi sokoni nimelala kwenye kiti, wanione."

"Linaisha, baba."

"Fanya haraka basi."

Ndipo akafanya haraka. Mikono ya chini alikuwa ameshaitengeneza kwa bomba nene jeusi, kazi safi. Ya juu bomba lilimwishia. Akatazama huku na huku, akaona mabomba ya maji yaliyobaki kwenye ujenzi wa jirani, yale meupe yaliyopakwa zinki. Fundi yeyote wa kuchomelea anajua, ile zinki lazima uikwangue yote kwanza, la sivyo inachemka ndani ya moto na weldi inatoka imejaa matundu. Na hata ukikwangua, bomba la maji ni la maji. Andrea hakukwangua. Alichomelea huku moshi mweupe unamkaba koo, anakohoa, anatema, anaendelea. Weldi ilitoka na mapele. Akaisaga kwa grainda mpaka ikalala, akapaka rangi nyeusi ya kung'aa, na kwa macho ilipendeza kabisa.

Laurian ndiye aliyekereza bushi zake, na ndiye aliyekwenda kuzipachika. Aliushika mkono wa juu, akaugeuza, akapitisha ukucha kwenye kiungo.

"We Mnyaturu. Hapa umechomelea au umepaka uji?"

"Uji huo kampelekee mkeo, amekonda."

"Gari hili litakuzika."

"Litakuzika wewe kwanza. Jeneza lako nitalifunga kwenye bampa kwa kamba."

Mafundi wote wakaangua kicheko. Kesho yake Laurian akarudia. "Andrea, hii mikono ya juu tupa."

"Niitupe halafu gari ulibebe wewe? Haya, si ndiyo kazi ya ukoo!"

Kicheko tena, na Laurian naye akacheka, angefanyaje? Siku ya tatu alivua kofia kabisa, akasimama mlangoni, uso umekunjamana. "Leo sitanii," alisema. "Sikiliza. Leo sitanii." Andrea alicheka zaidi ya siku zote, mpaka akakaa chini kwenye tairi, kwa sababu hakuna mtani duniani ambaye hakuwahi kusema leo sitanii. Ni utani mkongwe kuliko yote. Laurian akavaa kofia yake akarudi kibandani.

Mzee Elisha hakusubiri gari. Alikufa alfajiri, Andrea yuko gereji anafunga nati za shokapu. Walipomletea habari hakulia. Aliirusha spana ukutani, ikatoboa bati na kutokea upande wa Laurian, halafu akasema kwa sauti kavu, "Nilimwahidi atarudi nyumbani kwa gari langu. Ameshindwa yeye. Basi mama atarudi nalo."

Na hivyo ndivyo ilivyopangwa. Siku ya maziko, mwili utangulie kwenye gari la msiba, na nyuma yake Andrea na mama yake, Yunisi, wawili peke yao kwenye gari jekundu, mpaka Ikungi na kuingia kijijini. Barabara ile ina malori, mabasi, na madereva wasiojua kwamba kuna watu wengine duniani. Mama Yunisi alikubali. Alisema, "Nitapanda gari la mwanangu. Baba yake alilitaka." Laurian alikuwepo aliposema hayo, amekaa na waombolezaji.

Asubuhi ya maziko Andrea alifika gereji na suti, mama yake nyuma amejifunga kanga mbili. Alifungua mlango.

Gari lilikuwa juu ya matofali. Matairi ya mbele yamelazwa sakafuni. Shokapu zinaning'inia. Mikono ya juu, yote miwili, haipo.

Andrea alisimama kama aliyepigwa na umeme. Kisha alitoa sauti ambayo mama yake hakuwahi kuisikia tangu amzae. Alishika jeki akaipiga kwenye kabati la vifaa, likaanguka na kila kilichokuwamo. Na Mungu naye, sijui kwa nini, ndiyo dakika ile alimleta Stanley.

Stanley alikuwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Ni kweli aliwahi kusema mbele za watu kwamba gari la Andrea halitatoka pale mlangoni. Lakini asubuhi ile alikuja kwa wema, amevaa shati jeupe, kofia mkononi.

"Pole sana, kaka Andrea. Mama, shikamoo. Poleni kwa—"

"Iko wapi?"

"Nini?"

Andrea alimpiga kichwa cha uso. Mfupa wa pua ulisikika ukivunjika. Stanley alikwenda chini ameshika uso, damu inamwagikia shati jeupe, na kabla hajajua amekosa nini alishapigwa teke la mbavu, na jingine, na jingine. "Iko wapi! Mikono yangu iko wapi, mwizi wewe!" Stanley alijaribu kutambaa. Andrea alimvuta kwa mguu, akamgeuza, akamkalia kifuani, akamshindilia ngumi za mdomo mpaka vifundo vyake vyenyewe vikachanika kwenye meno ya mwenzake. Akanyoosha mkono kutafuta spana. Mama Yunisi, mwanamke mzee vile, mjane wa siku mbili, alimrukia mgongoni akamng'ang'ania koti mpaka mshono wa bega ukaachia.

"Andrea! Utaua! Baba yako hajazikwa, unataka tuzike wawili?"

Watu wakaja mbio, wakamtoa. Stanley alijiburuta akaingia chini ya lori lililokuwa linatengenezwa, akakataa kutoka, anatema vipande vya jino na kulia kama mtoto. Hakuwa ameiba hata msumari.

Basi mama alipelekwa kwa gari la ndugu, na Andrea alipanda nyuma ya pikapu pamoja na viti vya kukodi na masufuria, koti limechanika bega, mikono ina damu ya mtu. Alisimama njia nzima. Kila lori lililowapita alilitukana. Alikuwa anawaza kitu kimoja tu, kwamba mtu fulani amemvunjia ahadi yake kwa baba yake, na mtu huyo akimpata hatamwacha mzima.

Walipofika kijijini jua lilikuwa utosini. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa kando ya shamba la alizeti, udongo mwekundu umerundikwa pande mbili, na watu wamejaa. Na watu hao walikuwa wanacheka.

Usishangae. Watani walikuwa kazini. Wanyamwezi watatu wanne wa pale Ikungi walikuwa wameshavaa makoti ya marehemu, mmoja anatembea kwa fimbo yake, anakohoa kama yeye, anawagombeza wakwe. Hivyo ndivyo msiba unavyopozwa kwetu. Na mtani akitaka kuwakomesha kabisa, huingia kaburini akalala, akasema hatoki mpaka akombolewe kwa jogoo au kwa chochote atakachotaka, na mwili hauwezi kushuka mpaka apewe. Huwezi kumtoa kwa nguvu. Unatoa anachotaka, basi.

Andrea alipasua watu akafika ukingoni, akatazama chini.

Laurian ndiye aliyekuwa kaburini. Amekaa kitako, mgongo kwenye udongo, na mikono miwili ya gari, myeusi, inayong'aa, ameishika juu ya kichwa kama pembe.

"Mmmuuu!" alikuwa analia. "Mimi ndiye fahali wa Mzee Elisha! Jogoo sitaki! Nyie Wanyaturu kuku zenu zimekonda, kaeni nazo!"

"Sasa unataka nini, we mpagazi?" mzee mmoja akauliza, machozi ya kicheko yanamtoka.

"Nataka pembe hizi zizikwe na mzee! Ameniambia mwenyewe, gari hili anakwenda nalo yeye, hataki kuliacha kwa mtu. Zizikeni hapa, mzifukie, ndipo nitoke. Bila hivyo nalala hapa mpaka Krismasi!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama Yunisi, ambaye tangu mumewe afe hakuwa ametabasamu, alijifunika uso kwa kanga na mabega yake yakatikisika. Alikuwa anacheka. Andrea alimwona mama yake anacheka, akaona na zile pembe, na hapo akili yake ikafunga mlango.

Alirukia kaburini.

Laurian alidhani mchezo umenoga. Alicheka, akasema, "Haya kuku ameingia chunguni!" Andrea alimnyang'anya mkono mmoja wa gari na kuuinua. Laurian bado anacheka. Pigo la kwanza alilikinga kwa kiganja cha kulia, kile cha kushikia patasi ya kukerezea, na vidole vikavunjika kama vijiti vya kuwashia moto. Kicheko kikageuka ukelele. Pale juu wengine waliendelea kucheka, maana walifikiri ukelele nao ni sehemu ya vichekesho. Pigo la pili lilitua shingoni na begani, kwenye mtulinga, kwa nguvu zote za mtu aliyezoea nyundo.

Mfupa ulivunjika. Na chuma nacho kilivunjika.

Kilikatika pale pale kwenye kiungo. Ncha yenye boljointi iliruka, ikapiga ukuta wa kaburi, ikaanguka kati yao wawili. Andrea alibaki ameshika kipande, ameinua mkono kwa pigo la tatu, na hilo pigo halikuja. Alikuwa anatazama pale chuma kilipokatika. Ndani hakukuwa na weldi. Kulikuwa na matundu matundu na unga mweupe, na ganda jembamba la juu, ambalo yeye mwenyewe alilisaga na kulipaka rangi. Weldi haikuwa imeingia hata kidogo. Ilikuwa imekaa juu juu tu.

Chuma kilichoshindwa na bega la mtu kilikuwa kibebe gari, na ndani ya gari mama yake, kati ya malori ya barabara ya Dodoma.

Laurian alikuwa ameegemea udongo, kichwa kimelala upande, damu inamtoka nyuma ya sikio na kuingia kolani. Alihema kidogo kidogo.

"Nilikwambia mara ngapi, Andrea?"

"Ulikuwa unatania!" Andrea alisema, na sauti yake ilipasuka. "Laurian, ulikuwa unatania!"

"Ningekwambia kwa mdomo upi? Ninao huu huu mmoja."

Halafu macho yake yakageuka meupe, akazimia kifuani kwa Andrea, ndani ya kaburi la Mzee Elisha.

Pale juu sasa hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja alipiga yowe. Wale Wanyamwezi wenye makoti ya marehemu waliruka chini, wawili wakamtoa Laurian, wawili wakamshika Andrea, wakamtupa nje kama gunia la mahindi, na hapo juu wakamwadhibu. Fimbo ya marehemu baba yake ilivunjikia mgongoni pake. Alipigwa mateke ya uso na viatu vya kanisani. Hakuinua mkono kujikinga, na nduguze wenyewe Wanyaturu walisimama wakatazama, hakuna aliyesogea, kwa sababu kamwaga damu ya mtani, tena kaburini. Mwinjilisti aliyekuja kuongoza maziko alikuwa anaita "Wapendwa! Wapendwa!" na hakuna mpendwa aliyemsikia.

Aliyewazuia ni mama Yunisi. Alikuwa ameshuka kaburini mwenyewe, akatoka na ile ncha iliyovunjika. Aliwasukuma watu, akasimama juu ya mwanawe aliyelala na mdomo uliojaa udongo, akamwekea kile chuma mbele ya macho.

"Hiki ndicho ulitaka kunipandisha?"

Mama akamchapa kofi, na la pili, na la tatu, kwa kile kiganja chake kilichokaushwa na jembe, mpaka akachoka, akaanza kulia. Alimlilia mumewe, mwanawe na yule Mnyamwezi kwa pamoja, huwezi kujua nani kwa nani.

Laurian alikimbizwa hospitali kwa pikapu ile ile, viti vikatupwa chini. Wazee wakakaa pembeni. Hawakukaa sana. Kaburi lile limeharibika, walisema, lifukiwe, na lichimbwe jingine. Atachimba nani? Hakuna aliyeuliza mara mbili. Walimpa Andrea sululu, na jiwe la Ikungi unalijua lilivyo, ukipiga linakurudishia mkono. Alichimba na suti yake, jicho moja limefumba, watu wote wamekaa wanamtazama, na mwili wa baba yake uko juani unamsubiri. Mtu mmoja alipotaka kumsaidia, mzee alimkataza kwa mkono. Jua lilikuwa linaelekea kuzama walipomteremsha Mzee Elisha, na hakukuwa na mtani hata mmoja wa kumchekesha mtu.

Laurian hakufa. Mtulinga uliunga ukiwa umepinda. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikauka, havikunjiki tena. Andrea alifanya yote yanayotakiwa. Alikwenda kwa Stanley akapiga magoti mbele ya wateja wake. Alikwenda Nzega na wazee na kondoo, akaketi chini kwenye udongo, akasemwa mchana kutwa, akasamehewa. Laurian mwenyewe alitamka mbele ya watu wote, "Yamekwisha, sina kinyongo." Na hakuwa na kinyongo kweli. Angekuwa nacho ingekuwa nafuu.

Ule mkono wa gari wa pili, uliotolewa kaburini kabla halijafukiwa, Andrea aliuweka kwenye fuawe siku aliyorudi gereji, akaupiga nyundo mara moja. Ukakatika vile vile. Basi akaanza upya. Alitafuta bomba nene jeusi lisilo na mshono, akalikata taratibu, akakwangua kila ncha mpaka ikawa nyeupe, akachomelea kwa tabaka, moja lipoe ndipo lifuate jingine. Weldi safari hii hakuisaga wala hakuipaka rangi. Aliiacha uchi ionekane. Alipomaliza, akaibeba mikono hiyo ya gari yote miwili kifuani, akazunguka lile bati, akaingia kwa Laurian.

Laurian alikuwa anajifunza kukereza kwa mkono wa kushoto. Vyuma alivyoharibu vilikuwa vimejaa sakafuni.

"We mpagazi!" Andrea alisema mlangoni, kwa sauti ya zamani, au alivyoikumbuka. "Mzigo umekushinda mpaka bega limepinda?"

Lilikuwa tusi baya, na alilisema makusudi. Alikuwa anataka arudishiwe tusi, lolote, la mama, la baba, la kuku.

Laurian alizima mashine. Alifuta mikono yake kwa kitambaa.

"Karibu, ndugu Andrea," alisema. "Habari za asubuhi? Karibu ukae."

Andrea hakukaa. Alimwekea ile mikono ya gari juu ya meza. "Nimetengeneza upya. Iangalie. Niambie."

Laurian aliugeuza mmoja kwa mkono wa kushoto. Aliutazama upande huu na upande ule.

"Inaonekana nzuri," alisema.

"Pitisha ukucha kwenye kiungo. Kama zamani."

"Inaonekana nzuri sana, ndugu. Hongera."

"Laurian. Ni uji?"

"Hapana, kazi nzuri."

"Gari litanizika?"

"Mungu atakulinda."

Mtu yule yule, kibanda kile kile, na maneno yote mazuri, na hakuna hata moja ambalo angeweza kulisimamia. Angejuaje? Adabu huwezi kuigonga nyundo ukasikia kama ina ufa. Akaona nyundo kubwa ya Laurian pembeni ya mlango. Akaichukua, akaielekeza mpini kwa mwenzake.

"Nipige. Hapa. Bega langu kwa bega lako, halafu unitukane."

"Acha bwana, hayo yalikwisha."

"Nipige, Mnyamwezi wee!"

"Yalikwisha, ndugu yangu."

Andrea akaigeuza nyundo, akausukuma mkono wa gari sakafuni, akaanza kuupiga. Alipiga kiungo, alipiga ncha, alipiga miguu. Cheche ziliruka, bati la ukuta likatikisika, mafundi wa nje wakakimbilia mlangoni na wakaogopa kuingia. "Sema!" alikuwa anapayuka kila pigo. "Sema ina kasoro gani! Sema!" Nyundo ilidunda ikamrudia mikononi, na chuma hakikukatika, wala hakikupinda. Alipiga mpaka mpini ukaloa damu ya viganja vyake. Laurian alisogea pembeni kumpa nafasi, ameukumbatia kifuani ule mkono wake uliokauka ili usiguswe.

"Pole na kazi, ndugu Andrea," alisema kwa upole, akavaa kofia, akatoka kwenda kunywa chai.